Gorgas: Tabibu wa jeshi aliyeishinda homa ya manjano

JENERALI William Crawford Gorgas alizaliwa jimboni Alabama, Marekani, mwaka wa 1854, akajiunga na jeshi akiwa tabibu mnamo 1880. Huko Texas aliugua homa ya manjano, akapona. Mwaka wa 1901, akisimamia usafi wa Havana, Cuba, aliangamiza mazalio ya mbu na kuikomesha homa hiyo. Alipopelekwa Panama mnamo 1904, wakubwa wake waliidharau kauli kwamba mbu ndio waenezao maradhi. Hakutetereka, kufikia mwisho wa 1906 homa ilikuwa imetoweka, na ujenzi wa mfereji ukaendelea. Aliongoza idara ya matibabu ya jeshi kuanzia 1914 hadi 1918. Alifariki London mwaka wa 1920, akiwa safarini kuelekea Afrika Magharibi kuchunguza homa iyo hiyo.