Kumbukumbu za miamala katika Exchange Server

Kumbukumbu za miamala katika Exchange Server ni mfululizo wa faili ambamo programu hiyo ya barua pepe ya kampuni ya Microsoft huandika kila badiliko kabla ya kuliingiza katika hifadhidata. Barua ikipokewa au ikifutwa, tendo hilo huandikwa kwanza katika kumbukumbu. Faili hizi huongezeka haraka wakati masanduku ya barua yanapohamishwa kutoka seva moja hadi nyingine. Zikijaza diski, hifadhidata hufungwa na watumiaji hukosa barua zao.

Namna zinavyofanya kazi

Utaratibu huu unafanana na kazi ya mtunza hesabu wa duka. Mauzo huandikwa kwanza katika daftari la siku, kwa mfuatano, kisha huhamishiwa katika leja. Leja ikiharibika, hesabu hujengwa upya kwa leja ya zamani pamoja na madaftari ya siku zilizofuata. Katika Exchange, leja ni faili ya hifadhidata yenye kiambishi .edb, na madaftari ya siku ni kumbukumbu za miamala.

Tangu toleo la 2007 kila faili ya kumbukumbu ina ukubwa wa megabaiti 1. Hapo awali ilikuwa megabaiti 5. Faili ikijaa hupewa namba ya mfuatano na nyingine huanzishwa. Faili ndogo yenye kiambishi .chk huonyesha ni mabadiliko yapi yamekwisha kuingizwa katika hifadhidata.

Nakala katika seva nyingi

Toleo la 2010 lilileta kundi la seva zinazoshirikiana, liitwalo kwa kifupi DAG, ambalo huweza kuwa na seva hadi 16. Hifadhidata moja huwa na nakala katika seva kadhaa. Nakala moja ni hai, yaani ndiyo inayotumiwa, nyingine husubiri. Baada ya nakala kuundwa, seva yenye nakala hai huzipelekea nyingine kumbukumbu tu. Seva hizo huzikagua na kurudia mabadiliko yaleyale katika nakala zao.

Wakati wa uhamishaji

Kwa hifadhidata inayopokea, sanduku linaloingia ni sawa na barua mpya nyingi kwa mpigo. Kwa hiyo ukubwa wa kumbukumbu hukaribia ukubwa wa masanduku yenyewe, au kuuzidi. Kwa mfano, masanduku 200 yenye gigabaiti 2 kila moja ni gigabaiti 400, yaani takriban faili 400,000 za kumbukumbu. Hifadhidata ikiwa na nakala 3, kila seva kati ya hizo 3 huhitaji nafasi hiyo.

Kwa kawaida kumbukumbu hufutwa na mfumo wenyewe masharti haya yakitimia:
* mabadiliko yaliyomo yameingizwa katika hifadhidata;
* nakala ya akiba imechukuliwa kwa programu inayoitambua Exchange;
* seva zenye nakala nyingine zimekubali kwamba haziihitaji tena faili hiyo.

Sharti la mwisho husahaulika mara nyingi. Seva moja ikizimwa au nakala yake ikisimamishwa, kumbukumbu hurundikana katika seva zote hata kama nakala ya akiba inachukuliwa kila usiku.

Njia za kudhibiti

* Kuhamisha masanduku kwa mafungu, na kuchukua nakala ya akiba baada ya kila fungu.
* Kupima nafasi ya diski ya kila seva kabla ya kuanza, si ya seva yenye nakala hai peke yake.
* Kuhakikisha nakala zote ni nzima na hazijachelewa.
* Kuwasha kwa muda uandishi wa mzunguko, ambapo kumbukumbu hufutwa bila kungoja nakala ya akiba. Katika DAG bado hungoja nakala nyingine zizipokee. Hifadhidata isiyo na nakala lazima ifungwe na kufunguliwa tena ili badiliko hili lianze kazi.

Uandishi wa mzunguko una gharama yake. Ukiwa umewashwa, data iliyopotea katika nakala zote hurudishwa hadi siku ya nakala ya akiba kamili ya mwisho tu. Kwa hiyo uhamishaji ukiisha huzimwa, kisha nakala ya akiba kamili huchukuliwa mara moja.

Hatari ya kufuta kwa mkono

Diski inapokaribia kujaa, msimamizi anaweza kushawishika kufuta faili za zamani kwa mkono. Tarehe ya faili haionyeshi kama bado inahitajika. Nakala iliyokuwa ikiingoja faili hiyo hukwama na huenda ikabidi iundwe upya. Hifadhidata iliyofungwa ghafla inaweza kukataa kufunguka kwa kukosa faili moja tu. Lililo salama ni kusimamisha uhamishaji, kutafuta nakala iliyokwama na kuchukua nakala ya akiba.

Tazama pia

* Barua pepe
* Hifadhidata
* Seva