Mizani na Umri: Bangi, Mirungi na Watoto Chini ya Mlima Meru

Kutoka mjini Arusha hadi Namanga, mpakani na Kenya, ni kilomita zipatazo 110. Kitita cha mirungi kilichovunwa milima ya Nyambene kikiwa upande wa Kenya ni bidhaa halali, yenye wakulima, madalali na kodi. Kikivuka kuja Longido, upande wa Tanzania, kwa barabara kuu au njia za panya, kinakuwa kielelezo cha mahakamani. Majani hayajabadilika hata moja.

Kilichobadilika ni orodha ya dawa zinazokatazwa, na orodha za aina hii zilianza kuandikwa mbali sana na Meru. Bangi iliingizwa kwenye mkataba wa kimataifa wa kasumba huko Geneva mwaka 1925, mjumbe wa Misri akiwa ndiye aliyeshikilia hoja hiyo kwa nguvu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukaiweka kwenye jedwali kali kuliko yote, pamoja na heroini. Haikuondolewa humo hadi Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25. Mirungi haijawahi kuingia katika majedwali hayo. Mwaka 2006 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliichunguza wakaona haihitaji udhibiti wa kimataifa, hivyo kila nchi ikaamua yake. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Tanzania, katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, imeitaja bega kwa bega na bangi.

Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya 1995, nayo ya 1995 ilikuwa imefuta amri za kikoloni kuhusu dawa hatari na kilimo cha mimea yenye madhara. Kadiri miaka ilivyokwenda, uzito wa adhabu ulipanda. Baada ya marekebisho ya 2017, anayepatikana na hatia ya kusafirisha anaweza kufungwa miaka 30, na mzigo ukiwa mkubwa, maisha. Na neno “kusafirisha” ni pana: kuhifadhi na kupeleka mzigo vimo ndani yake. Kijana aliyetumwa na mjomba kufikisha kiroba anaweza kujikuta ni “msafirishaji”.

Hapo ndipo umri unapoingia, kwa mlango mwingine kabisa. Amri ya Watoto na Vijana ya 1937 iliwatenga wenye umri chini ya miaka 16; wa miaka 17 alisimama kizimbani kama mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilisogeza mpaka hadi 18, ikaipa mahakama ya watoto mashauri ya jinai ya watoto isipokuwa ya mauaji, ikamtaka ofisa ustawi wa jamii awepo, na katika kifungu cha 119 ikasema mtoto hatahukumiwa kifungo, hata sheria nyingine iseme nini. Arusha ni miongoni mwa miji michache yenye mahabusu ya watoto. Wanaopewa amri ya kwenda shule ya maadilisho hupelekwa mbali, Irambo mkoani Mbeya.

Kwa hiyo sheria ya dawa hutazama mzani, na Sheria ya Mtoto hutazama mwaka wa kuzaliwa. Hazikutungwa zikijuana.

Mahali pa kuliona hili ni Kisimiri, miteremko ya kaskazini ya Meru, jirani na Ngarenanyuki. Mwaka 2023 maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, wakiongozwa na Kamishna Jenerali Aretas Lyimo, walipanda huko kufyeka na kuteketeza mashamba ya bangi. Wengi nje ya wilaya hiyo ya Arumeru waliisikia Kisimiri kwa habari hiyo, wakasahau kwamba mwaka 2016 sekondari ya Kisimiri, shule ya serikali, iliongoza taifa zima katika matokeo ya kidato cha sita.

Mtoto wa vijiji kama hivyo akikamatwa, kabla hata ya kupimwa majani, mahakama hutakiwa kuuliza ana miaka mingapi. Mwenye cheti cha kuzaliwa hujibu kwa dakika moja. Asiye nacho hungoja daktari, au mama yake ashuke mlimani na kadi ya kliniki.