Saa Mbili Usiku Ilikuwa ya Nani?

Siku hizi swali ni hilohilo: je, Netflix na wenzake watavizika vituo vya televisheni? Wanaouliza hudhani ilianza ratiba, kisha ukaja uhuru wa kuchagua. Kwa Tanzania Bara mambo yalikwenda kinyume.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara tulikaa bila kituo hadi 1994, miaka 21 mizima. Serikali ya Mwalimu iliiona ni anasa ya wachache wa mjini. Wa Dar wenye antena ndefu waliinasa ya Zanzibar, chenga tupu. Wengine? Kanda za video. Miaka ya 80 deki zilipoanza kuingia mitaani, mwenye deki alikuwa mfalme: anakodi mkanda, anauweka muda anaotaka, anarudisha nyuma pale shujaa wa Kihindi anapomtandika jambazi, na majirani wamejaa dirishani. Kuchagua tulianza nako, bwana.

Kitu kipya ilikuwa ratiba. ITV ilipoanza mwaka huo wa 1994, sebule ya Kariakoo na ya Masaki zikawa zinatazama jambo moja kwa dakika ileile. Saa mbili usiku, taarifa ya habari, watoto kimya! Kesho yake kwenye daladala stori ilianzia katikati, maana kila mtu alishaona mwanzo.

Pigo kubwa kwa hiyo saa mbili halikutoka kwenye simu. Lilikuja usiku wa 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, na seti ya zamani ikawa pambo la sebuleni mpaka ununue king'amuzi. Halafu vifurushi. Tukazoea kulipia cha kutazama, hivyo Netflix ilipotufungulia milango Januari 2016 ilikuta wateja wameshafundwa. Kilichobaki ni bei ya bando.

Tamthilia zinahamia huko, hakuna haja ya kubishana. Lakini mechi ya Simba na Yanga haisubiri mtu, hata ukiitazama kwenye simu. Ina saa yake, na mtaa mzima unaijua kwa kelele. Ratiba ipo. Ninachokiona kikiondoka ni ile saa mbili ya wote: mwenye bando anajichagulia habari zake, asiye nalo anasubiri kusimuliwa.