Mdukuzi: Kofia au Ruhusa?

Neno mdukuzi limezoeleka kiasi kwamba mtangazaji wa habari hahitaji tena kulifafanua. Akaunti ya waziri ikianza kutuma ujumbe wa ajabu, sote twajua imedukuliwa. Kudukua ni kuchungulia mambo ya watu kwa siri, kwa hiyo neno lenyewe limekwisha kumtia mtu hatiani kabla hajasikilizwa. Kiingereza kilianza kwingine. Katika chuo cha MIT, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wanafunzi wa klabu ya treni za mfano walilitumia neno lao, hacker, kumsifu mwenzao aliyebuni njia ya werevu ya kutatua tatizo. Baadaye uhalifu wa kompyuta ulipoenea, sifa ikageuka tuhuma.

Ili kuwatenga wema na waovu, wataalamu waliazima kofia za filamu za zamani za wachunga ng'ombe wa Marekani. Mwenye kofia nyeupe huajiriwa na mwenye mfumo autafute udhaifu wake. Mwenye nyeusi huingia aibe, aharibu au adai fidia. Wa kijivu huingia bila kuruhusiwa, kisha hutoa taarifa, pengine akidai ujira.

Tatizo la kofia ni kwamba zinampaka rangi mtu badala ya tendo. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia; huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha hata upasuaji. Marcus Hutchins, Mwingereza wa miaka 22, aliichambua akagundua kwamba huulizia kwanza anwani moja ndefu ya intaneti isiyo na maana yoyote. Anwani haikuwa na mwenyewe. Akaisajili kwa dola 10.69 ili afuatilie maambukizi. Kumbe anwani ile ikijibu, programu husimama! Agosti mwaka huohuo akakamatwa Las Vegas, kwa kuwa alipokuwa mdogo zaidi alishiriki kuunda Kronos, programu ya kuiba siri za wateja wa benki. Alikiri kosa mwaka 2019, na jaji hakumwongezea kifungo. Huyu avae kofia gani?

Kwangu mimi mpaka ni ruhusa. Sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 nazo huanzia hapo: kuingia makusudi katika mfumo wa mtu bila idhini ni kosa hata usipochukua kitu. Ndiyo maana simtetei wa kijivu. Mgonjwa ambaye majibu ya vipimo vyake yamesomwa hapati faraja kwa kuambiwa kuwa msomaji alikuwa na nia njema. Lakini wenye mifumo nao wana wajibu. Benki au wizara isiyotangaza mahali pa kupeleka taarifa za udhaifu inamwacha kijana mwaminifu bila njia halali, na akijitokeza hukutana na polisi.

Wengine husema "mdukuzi mwadilifu". Siliafiki, maana aliyeruhusiwa hachungulii. Huyo tumwite mpima usalama, na mdukuzi abaki kuwa aliyeingia bila idhini. Wahariri, kabla ya kuandika kichwa cha habari, ulizeni kwanza: aliruhusiwa na nani?