Skrini ya nje isipoonekana kwenye Linux: Usikimbilie kubadili mazabodi

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

WATUMIAJI wa kompyuta mpakato zenye mfumo wa Linux wanaufahamu mkasa huu: waya wa HDMI umechomekwa, projekta inawaka, lakini ukutani hakuna kinachoonekana, na kompyuta yenyewe haioneshi dalili ya kutambua kuwa imeunganishwa na chochote.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, huo ni usumbufu wa mchana mmoja. Kwa aliyetoka Matai au Namanyere kuja kuwasilisha taarifa mjini Sumbawanga, jambo ni zito zaidi. Fundi akishatamka kuwa tundu limekufa, safari inayofuata ni ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300, pamoja na gharama ya kubadili mazabodi ambayo huenda haina kosa lolote.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ‘tupa uchawi’. Katika suala hili uchawi haumo.

Baadhi ya kompyuta hizi zina kadi mbili za picha. Ya kwanza, ya Intel au AMD, imo ndani ya prosesa, hutumia umeme kidogo na ndiyo inayoendesha skrini ya kompyuta yenyewe. Ya pili, aghalabu ya NVIDIA, ina nguvu zaidi na hulala mpaka kazi nzito iiamshe. Katika baadhi ya modeli, watengenezaji wameliunga tundu la HDMI moja kwa moja na kadi hiyo ya pili. Ikizimwa, au ikikosa draiva, tundu nalo hubaki bubu ingawa ni zima kabisa.

NVIDIA iliutangaza utaratibu wake wa kadi mbili, uitwao Optimus, mwaka 2010 bila kuuandalia Linux. Mwaka uliofuata wapenzi wa mfumo huo walijitengenezea programu ya Bumblebee. Juni 2012 mwanzilishi wa Linux, Linus Torvalds, aliulizwa kuhusu jambo hilo hilo katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, naye akaionesha kampuni hiyo kidole cha kati mbele ya kamera. Mwaka 2013 draiva ya NVIDIA ilianza kuziwezesha kadi hizo kushirikiana, na mwaka 2022 kampuni ikaweka wazi msimbo wa sehemu ya draiva inayofanya kazi ndani ya kerneli. Hali imekuwa nafuu mno, ila kero haijaisha.

Kabla bisibisi haijaguswa, washa projekta, chomeka waya, kisha fungua dirisha la kuandikia amri na uandike:

grep . /sys/class/drm/*/status

Amri hii haibadilishi kitu; huorodhesha tu matundu ambayo Linux inayaona. Neno ‘connected’ likitokea mbele ya HDMI, tundu ni zima na kilichobaki ni kupanga skrini katika mipangilio ya kompyuta. Likitokea ‘disconnected’, shuku waya kwanza na uujaribu kwenye kifaa kingine. Kwa projekta za zamani za VGA, shuku kiunganishi: ni lazima kiwe cha kubadili mawimbi, kwani kile kinachounga nyaya tu hakifanyi kazi. Hata hivyo, jibu hilo lisikudanganye, kwa sababu kompyuta nyingine huorodhesha matundu ambayo kwa nje hayapo.

Ikiwa HDMI haimo kabisa katika orodha, au waya ni mzima na jibu bado ni lile lile, mshukiwa ni kadi ya pili. Itafute kwa amri hii:

lspci | grep -E "VGA|3D"

Ikionekana humo, andika nvidia-smi. Jibu likiwa ni kosa, draiva haijapakiwa au kadi imezimwa. Kwa Ubuntu, amri ya prime-select query hueleza kadi ipi imechaguliwa. Likija neno ‘intel’, kadi ya NVIDIA imezimwa, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa waliizima wenyewe ili betri idumu. Andika sudo prime-select on-demand, kisha uwashe kompyuta upya. Ikishindikana, weka nvidia badala ya on-demand. Skrini itapatikana, lakini betri itakwisha haraka.

Draiva ikiwa haipo, sudo ubuntu-drivers install huileta. Ni mzigo wa mamia ya megabaiti, hivyo asiye na kifurushi kikubwa aipakue mapema, si asubuhi ya kikao. Ikiwepo lakini haipakiwi, andika mokutil --sb-state. Secure Boot ikiwa imewashwa, huizuia draiva isiyosajiliwa. Isajili ufunguo wake kompyuta inapowaka. Kuizima Secure Boot ni njia fupi inayopunguza ulinzi.

Iwapo projekta ilionekana juzi na leo haionekani, yamkini kerneli mpya imeingia bila draiva kutengenezwa upya. Washa kompyuta, chagua ‘Advanced options’ katika orodha ya mwanzo, kisha kerneli iliyotangulia. Hatua hiyo haihitaji intaneti wala fundi.