Gari Jekundu na Maji Yasiyoonekana: Kutoka Faya hadi Kipawa

Mabasi ya mwendokasi yapitayo Barabara ya Morogoro husimama katika kituo kilichoandikwa "Fire", ambacho wakazi wa Dar es Salaam hukiita Faya. Jina hilo limetokana na kituo cha zimamoto kilichopo hapo, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Hata hivyo, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, jengo kuu la Soko la Kariakoo liliungua. Mali ya wafanyabiashara iliteketea, na Waziri Mkuu aliunda kamati ya kuchunguza chanzo cha moto ule. Katika mitaa na mitandao yalisikika malalamiko tuliyoyazoea: magari yamechelewa, maji yamekwisha.

Katika makala haya sichunguzi chanzo cha moto ule. Ninalofuatilia ni historia ya chombo tunachokilaumu kila mara, yaani gari la zimamoto, katika matawi yake mawili: gari la mjini na gari la kiwanja cha ndege. Tawi moja lilikua pamoja na masharti yanayomlinda anayelitegemea. Jingine lilifika kwetu bila masharti hayo. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, inaeleza mengi kuliko idadi ya magari.

Tuanze na gari la mjini. Mwaka 1908 kampuni ya Dennis ya Guildford, Uingereza, ilitengeneza gari lake la kwanza la zimamoto kwa ajili ya mji wa Bradford. Kabla ya hapo miji ya Ulaya ilitegemea pampu za mikono na pampu za mvuke zilizovutwa na farasi. Injini ya petroli ilileta kasi, lakini haikubadili kanuni ya kazi: gari la zimamoto ni pampu inayotembea. Lilibuniwa kwa ajili ya miji ambayo chini ya barabara zake palikuwa tayari na mabomba yenye maji ya msukumo, na juu yake palikuwa na haidranti, yaani midomo ya mabomba ambayo mzimamoto huunganisha mpira wake.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari lenye tangi la lita 5,000 likitoa lita 1,000 kwa dakika, hukaukiwa baada ya dakika 5. Tangi ni la kuanzia kazi wakati mpira ukiunganishwa. Pasipo na bomba lenye maji, gari hulazimika kuondoka kwenda kutafuta maji huku moto ukiendelea. Wananchi wanaposema kwamba gari limekuja bila maji, mara nyingi wanaelezea mji usio na maji ya kulipa gari hilo.

Hapa ndipo historia ya Dar es Salaam inapoingia. Chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza waliouteka mji mwaka 1916, mji uligawanywa katika kanda tatu kwa kanuni za ujenzi. Uzunguni palijengwa kwa viwango vya Ulaya, Uhindini palikuwa pa maduka na nyumba za ghorofa chache, na Uswahilini paliruhusiwa nyumba za udongo na makuti. Eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa katikati ili kutenga Uswahilini na mji mwingine. Kariakoo, iliyopewa jina na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, ilikuwa ng'ambo ya uwanja huo. Barabara, mifereji na mabomba ya maji vilifuata ngazi hiyo hiyo ya kanda. Nyumba zilizokuwa rahisi zaidi kushika moto ndizo zilizokuwa mbali zaidi na huduma.

Si ajabu, basi, kwamba gari jekundu halikupokewa kama rafiki. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kiitwacho Speaking with Vampires, amekusanya masimulizi ya Afrika Mashariki ya enzi ya ukoloni yaliyodai kwamba wazimamoto walikamata watu na kuwanyonya damu. Kwetu pwani neno lililoenea zaidi lilikuwa mumiani. White hakuyachukua masimulizi hayo kama ujinga wa kuchekwa. Aliyasoma kama lugha ambayo watu waliitumia kuuzungumzia utawala uliowafikia kwa magari na sare bila kuwaeleza unataka nini kwao. Mtu ambaye hajawahi kuona gari lile likiokoa nyumba ya jirani yake alikuwa na haki ya kuuliza limekuja kufanya nini.

Uhuru ulileta nia tofauti. Soko la Kariakoo, lililoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970, lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo katika ukanda huu. Paa lake la zege, mfano wa miavuli iliyopinduliwa, lilitia kivuli, liliruhusu hewa kupita na lilikusanya maji ya mvua. Msanifu huyo alifikiria maji na hewa tangu kwenye ramani. Lakini mji uliolizunguka soko ulibadilika kwa kasi kuliko mabomba yake. Viwanja vilivyopimwa kwa nyumba za Kiswahili za chini leo vimebeba maghorofa. Mitaa kama Kongo na Msimbazi hujaa bidhaa na watu kiasi kwamba hata mkokoteni hupita kwa kuomba njia, sembuse gari la tani kadhaa.

Sasa tulitazame tawi la pili, umbali wa kilomita 12 hivi kutoka katikati ya mji, Kipawa. Gari la kuzimia moto wa ndege lilikua kutokana na magari ya kijeshi ya Vita vya Pili vya Dunia. Thornycroft Nubian ya Uingereza, iliyoanza kama lori la jeshi, iligeuzwa kuwa gari la uokoaji na ikatumika katika viwanja vya nchi nyingi. Mahitaji yake ni mengine kabisa: magurudumu yote yavute ili lipite nje ya lami, libebe maji yake lenyewe na dawa ya povu, na lianze kurusha povu hata kabla halijasimama, kwa sababu mafuta ya ndege hayangoji.

Afrika Mashariki ililijua hilo kwa uchungu. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya Super VC10 ya shirika letu la pamoja, East African Airways, ilishindwa kuruka kutoka Addis Ababa. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikavunjika na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walifariki.

Kwa ajali za namna hiyo dunia ilijiwekea masharti. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hupanga viwanja katika madaraja 10 ya uzimaji moto kwa kufuata urefu na upana wa ndege zinazotua. Kiwanja kinachopokea ndege kubwa kabisa hutakiwa kuwa na magari yasiyopungua 3. Lengo la kufika popote kwenye njia ya kurukia ni muda usiozidi dakika 3. Na hili ndilo muhimu zaidi: gari likiharibika na ulinzi ukashuka, kiwanja hutakiwa kutoa taarifa, na rubani huijua kabla ya kutua. Upungufu hausubiri ajali ili ujulikane.

Masharti peke yake hayatoshi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, magari hayangeweza kuifuata majini. Wavuvi ndio waliotangulia kuwafikia abiria. Kati ya watu 43, 19 walipoteza maisha. Lakini kwa kuwa kuna kiwango kilichoandikwa, kuna mahali pa kuanzia kuuliza nani alipaswa kuwa na mashua, wapi na lini.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliweka huduma hii chini ya jeshi moja la taifa, ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Askari wa jeshi hilo hilo huwalinda abiria wa Kipawa na wachuuzi wa Kariakoo. Tofauti iko katika kile kinachomzunguka askari huyo. Kule, njia haizibwi, maji yamo garini na upungufu hutangazwa. Huku, njia ni ya kubahatisha, maji ni ya mamlaka nyingine, na sijawahi kuona tangazo linalomwambia mfanyabiashara kwamba haidranti ya mtaa wake imekauka wiki hii.

Hilo ndilo ningependa watumishi wa umma wanaosoma hapa walichukue. Kununua magari ni jambo jema, na picha za makabidhiano hupendeza. Lakini gari ni ncha ya mnyororo wenye bomba, shinikizo la maji, upana wa mtaa na kibali cha ujenzi. Jiji, DAWASA na Jeshi la Zimamoto wanaweza kukubaliana juu ya jambo dogo lisilohitaji mkopo: orodha ya haidranti za Kariakoo, ikaguliwe kila mwezi, ibandikwe sokoni na katika ofisi ya serikali ya mtaa, ikionyesha ipi ina maji na ipi haina. Wanafunzi na wanaharakati nao waidai kwa jina hilo hilo, orodha, maana dai lisilotajika huahirishwa kirahisi.

Rubani wa ndege hupewa taarifa ya namna hiyo kabla ya kutua. Mama anayeuza viungo Kariakoo analipa ushuru kila siku, na haombi zaidi ya hapo.