Safu ya Lugha: Mapinduzi yapi?

Habari za Sudan zimelitwisha neno "mapinduzi" mzigo mzito. Aprili 2019, baada ya miezi ya maandamano, Rais Omar al-Bashir aling'olewa: mapinduzi. Oktoba 2021 majenerali wakaipokonya madaraka serikali ya mpito: mapinduzi tena. Msomaji atajuaje nani kampindua nani?

Kupindua chombo ni kuleta chini juu. Ndiyo maana Zanzibar ya Januari 12, 1964 inalistahili jina hilo, kwani utawala mzima wa Sultani uliondoka. Siku 8 baadaye askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, waliinuka wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Hayo yalikuwa maasi. Mageuzi nayo hubadili kanuni huku dola ikibaki imesimama. Tukio la Oktoba 2021 liandikwe "mapinduzi ya kijeshi", na neno la mwisho lisikatwe kwa kubana nafasi.

Neno hilo likikatwa, jambo kubwa linafichika. Bashir aliondoka, wenye bunduki na biashara wakabaki. Kikosi cha wanamgambo cha RSF kilikuwa kimetwaa machimbo ya dhahabu ya Jebel Amer, Darfur, mwaka 2017. Jeshi nalo lina kampuni zake. Vita kati ya jeshi na RSF vilipolipuka Aprili 15, 2023, kila upande ulikuwa na hazina yake.

Huo ndio "uchumi wa vita". Wengi huutaja wakimaanisha uchumi ulioharibiwa na vita, na hilo ni kosa: ni uchumi unaovilisha vita, na wenyewe ukanenepa navyo.